Chachu Iliyozoea Baridi

Watu wa kwetu Malindi wakiniuliza nafanya kazi gani, huwa najibu harakaharaka ili waulize jambo jingine. Nipo kwenye maabara ya chuo kimoja cha bara, mahali ambapo ukipumua asubuhi unaiona pumzi yako, na kazi yenyewe ni kutunza hamira. Hamira hii hii ya kuumulia unga. Tunaitia kwenye chupa, chupa tunazitia kwenye friji, kisha tunangoja. Baada ya siku kadhaa nachota zile zilizo hai, naziweka kwenye chupa mpya yenye chakula kipya, nazirudisha kwenye baridi. Nimefanya hivyo miaka sita sasa, na sijachoka.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho siku niliyomweleza haya kwa mara ya kwanza.

"Kwa hivyo umesoma miaka yote ile ukaajiriwa kutia hamira kwenye friji?"

"Ndiyo, mama."

"Na cheti wakakupa?"

"Wakanipa."

"Haya. Mungu mkubwa."

Mama ana haki ya kunicheka. Yeye hana cheti, lakini ana chachu aliyoachiwa na mamake, nayo anaiweka kwenye chungu kidogo pembeni mwa mlango wa jikoni. Kila alfajiri akishasali huilisha unga wa mchele na tui kidogo. Kwa chachu hiyo hupika mkate wa kumimina ambao watu wa mtaa wetu huuota Ramadhani nzima: mwepesi, wenye vitundu vitundu, unanukia iliki. Hamira ya dukani haiingii kwake. Akiiona kwenye rafu hugeuza uso kama mtu aliyekutana na mdai wake.

Chungu kile kina sheria mbili. Ya kwanza, chachu haitoki nyumbani ila mkononi mwa binti anayeondoka. Ya pili, anayeitazama na kuisifu lazima aseme mashaallah, tena aseme kwanza, kabla ya sifa, maana chachu ni kitu hai na kitu hai hushikwa na jicho la husuda. Mimi ni msomi, siamini jicho. Lakini hata mimi nikiingia jikoni huwa nasema, kwa tahadhari tu.

Kwa kuwa mimi ndiye binti pekee, siku nilipokwenda bara mara ya kwanza mama alinipa gudulia lenye chachu, akalifunga kwa kitambaa, akaniambia nisilitikise. Kufika kule ikalala. Mwezi mzima haikutoa hata povu moja. Nikawa nailisha tu kwa ukaidi, namwaga nusu, naongeza unga, naiweka dirishani. Mwaka ukaisha ikawa inaumuka kidogo. Miaka miwili ikaisha, ikawa inaumuka hata mwezi wa saba, wakati mimi mwenyewe nalala na soksi mbili. Siku ile nilicheka peke yangu chumbani mpaka nikatokwa na machozi.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mwaka juzi, wiki tatu kabla ya Ramadhani, mama alikwenda Mombasa kwa kaka yangu ili atolewe mtoto wa jicho. Nikaomba likizo nije nikae na nyumba na chungu. Mama aliniachia maagizo marefu kuhusu chungu na mafupi kuhusu nyumba. Siku tatu za mwanzo niliamka alfajiri kama mwanajeshi. Siku ya nne nilipitiwa na usingizi mpaka jua likanipiga usoni. Nikakaa kitandani nikajiambia, jamani, mimi ni mtaalamu, mbona nateseka? Kule kazini tukitaka kuhifadhi hamira kwa muda mrefu tunaigandisha. Nikamimina chachu yote kwenye bakuli la plastiki, nikalitia kwenye friza ya mama, juu ya mfuko wa pweza, nikaenda zangu Sabaki, wiki nzima nakula samaki kwa rafiki yangu.

Nataka ieleweke kwamba nilijua. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Hamira haifi ovyo. Ikipozwa polepole inapata nafasi ya kujipanga: inawasha jeni ambazo siku za joto huwa zimelala, moja inabadilisha mafuta ya utando unaozunguka seli, nyingine zinakaza ukuta wa seli, nyingine zinatengeneza aina ya sukari inayolinda vilivyomo ndani. Yote hayo yanahitaji saa nyingi, wakati mwingine siku. Ukiigandisha ghafla hujaipa hata dakika ya kuwasha kitu. Maji ndani ya seli yanageuka barafu yenye makali, na barafu inatoboa. Ndiyo maana kazini hatugandishi kitu bila kukichanganya na glisarini. Ile ile ya kujipaka visigino. Mama alikuwa na chupa nzima ya glisarini chumbani kwake, nami nilijipaka visigino kabla ya kwenda Sabaki.

Kisha stima ya Malindi nayo ikafanya yake. Wiki ile ilipotea na kurudi sijui mara ngapi, na kila mara bakuli likayeyuka likaganda upya. Niliporudi nikalitoa, nikaimimina chachu chunguni, nikailisha. Kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu juu yake kukaota kitu cha rangi ya waridi, na harufu yake sitaieleza. Niliketi sakafuni pale jikoni, mwanamke mzima mwenye kazi yake, nikaogopa kama mtoto aliyevunja sahani za wageni. Bibi yangu alikuwa amekufa mara moja tayari, na mimi nikahisi nimemuua tena.

Nikampigia simu mwenzangu wa maabara. Akaenda chumbani kwangu bara, akachukua gudulia langu, akalituma kwa basi. Nikalipokea stendi siku mbili baadaye, nikalipakata kwenye tuktuk mpaka nyumbani, nikaosha chungu kwa maji ya moto, nikaimimina humo. Kesho yake mama akarudi na jicho lake jipya. Akatazama sebule, akaona vumbi la pembe zote nne, akanitajia pembe moja moja. Kisha akafunua chungu. Ilikuwa asubuhi mapema, kuna kijiubaridi, na chachu ilikuwa inachemka mapovu vizuri kabisa.

"Umeitunza," akasema, akanishika shavu.

Nilipaswa kusema pale pale. Sikusema.

Dakika hiyo hiyo akaingia jirani yetu wa mlango wa pili, mjane ambaye yeye na mama wamekuwa wakishirikiana tangu mimi sijaota meno. Alikuja kumpa mama pole ya jicho. Wakakumbatiana, wakalia kidogo, wakacheka. Ndipo jirani akachungulia chunguni.

"Lo! Imefura hii, kama tumbo la miezi tisa!"

Basi. Hakusema mashaallah. Labda kwa furaha ya kumwona mama, labda umri. Mama akafunika chungu taratibu, na mimi nikaona mabega yake yamepanda.

Ramadhani ikaanza, na joto la kaskazi lilikuwa halijatuacha. Mama akachanganya unga baada ya adhuhuri kama desturi yake, apate kuoka baada ya alasiri. Chachu ikagoma. Joto la jikoni lilikuwa linayeyusha hata mishumaa ndani ya kabati, na ile chachu yangu ya bara ilikaa tu chini ya bakuli. Tukaoka hivyo hivyo. Mkate ukatoka bapa kama kandambili. Tulifuturu nao, kila mtu akitafuna kwa bidii.

Siku ya pili hivyo hivyo. Mama akafukiza uvumba kuzunguka chungu, akaisomea chachu dua. Unga uliobaki akautia frijini kwa hasira, apate kuutupa kesho. Asubuhi nilipofungua friji nilikuta umeumuka ukainua kifuniko, umemwagikia nyanya, umetiririka mpaka kwenye droo ya mboga. Nikapangusa mbio mbio kabla hajaamka. Nikiwa nimepiga magoti na kitambaa mkononi nilicheka, kwa sababu kitaalamu lilikuwa jambo zuri mno, na hapakuwa na mtu hata mmoja duniani ninayeweza kumwonyesha.

Siku ya tatu mama akatoa hukumu.

"Ni jicho la yule mwanamke."

"Mama, jirani hana jicho baya."

"Wewe ulikuwapo. Ulimsikia akisema?"

Ukweli nilikuwa bado nimeuficha.

Jioni hiyo jirani alituletea sahani ya kaimati, kama anavyoleta kila mwaka. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Utaweka hata tende tatu, hata kipande cha papai, lakini tupu hairudi. Mama akaiosha sahani ile. Akaipangusa ikang'aa. Akanikabidhi.

"Peleka."

"Niweke nini, mama?"

"Nimesema peleka."

Nikavuka kichochoro na sahani tupu. Jirani alifungua mlango akitabasamu, akaipokea, akaitazama. Tabasamu likakaa pale pale usoni kama limesahauliwa. Akasema, "Ahsante, mwanangu. Msalimie mamako." Akafunga mlango polepole sana. Kesho yake hakuleta kitu, na usiku mama akaenda kusali tarawehe peke yake, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe.

Siku tatu nikaishi hivyo. Nilikuwa nimeua chachu, sawa, lakini sasa nilikuwa naua urafiki uliokuwapo kabla yangu, na wale wawili kila mmoja hana mwingine wa umri wake mtaani. Usiku nilikuwa nageuka tu kitandani. Siku ya nne nikaamua kusema. Lakini mimi ni mwoga, na mwoga aliyesoma hujificha nyuma ya vifaa. Nikachukua chupa mbili ndogo, moja ya mafuta ya nazi na moja ya mafuta ya simsim, nikazitia frijini tangu asubuhi. Baada ya alasiri nikaziweka mbele ya mama, aliyekuwa akikuna nazi kwenye mbuzi.

"Mama, zipindue."

Akazipindua. Ya simsim ikashuka. Ya nazi ilikuwa jiwe jeupe.

"Mafuta ya nazi huganda yakipata baridi. Nani hajui?"

"Basi seli ya hamira nayo imezungukwa na utando wa mafuta. Chakula kinapita humo, taka zinapita humo. Baridi ikija, utando unakakamaa, unakuwa kama hii ya nazi. Hakipiti kitu, hamira inalala. Lakini hamira ina jeni, ni kama maagizo ya upishi yaliyoandikwa ndani yake. Kuna jeni moja kazi yake ni kuyageuza mafuta yawe laini kama ya simsim. Baridi ndiyo inayoiwasha."

"Taib."

"Kila hamira inaweza kufanya hivyo kidogo. Lakini ukiiweka kwenye baridi miaka, ikizaa na kuzaa, kwenye kunakili yale maagizo hutokea makosa madogo. Herufi moja hapa, nyingine pale. Mengi hayana faida. Likitokea moja linaloifaa baridi, mwenye kosa hilo anakula vizuri kuliko wenzake, anazaa zaidi, mwisho chungu chote kinakuwa kizazi chake. Haikuzoea tu, mama. Imebadilika maagizo. Sasa ukiirudisha kwenye joto la Malindi, ule utando wake unakuwa laini kupita kiasi, kila kitu kinavuja. Inachoka."

Mama aliacha kukuna. Mkono ulibaki juu ya kifuu.

"Na hii iliyo ndani ya chungu changu," akasema, "imekaa kwenye baridi miaka mingapi?"

Nikamwambia. Friza, pweza, Sabaki, stima, ile rangi ya waridi, basi, gudulia. Sikuacha kitu, hata visigino. Nilisema nikiitazama chupa ya nazi, ambayo ilikuwa imeanza kuyeyuka kwa joto.

"Waniambia ya mamangu imekufa."

"Ndiyo, mama. Niwie radhi."

"Na hii?"

"Ni mtoto wake. Ile uliyonipa nilipoondoka."

Akakivuta chungu, akakifunua, akanusa. Nilidhani atapiga kelele. Mama ni mtu wa kelele, na kelele zake nimezizoea. Hakupiga.

"Imezoea bara," akasema. "Haiwezi tena kwao. Kama wewe, unavyolala na feni mbili na bado walalamika."

Iliniuma hiyo. Iliniuma kuliko kofi, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu hakuisema kwa ubaya. Nikalia pale mbele yake na yeye akaniacha nilie. Kisha akakung'uta machicha mapajani, akachukua bakuli, akalitia tende, akajitupia kanga kichwani.

"Inuka. Nimemrudishia mwanamke sahani tupu mwezi mtukufu. Astaghfirullah. Utasema mwenyewe, kwa mdomo wako huo uliosoma."

Tukavuka kichochoro. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, kuanzia kwenye friza. Lakini jirani alipofungua mlango na kutuona wawili, na mama ana bakuli mkononi, alirudi nyuma akakaa kwenye kiti.

"Najua mlilojia," akasema. "Nilijua tangu ile sahani. Siku tatu nafuturu kwa maji na tende moja, chakula hakipiti."

"Shikamoo, mama," nikaanza, "mimi ndiye..."

"Marahaba. Wewe kaa, mwanangu, haya ni yangu na mamako." Akainuka, akaingia jikoni kwake, akarudi amekumbatia chungu kilichofunikwa kwa kawa. Akakiweka chini miguuni pa mama. "Ule mwaka uliokwenda kumzalisha mkweo, ukaniachia ufunguo niilishe chachu. Nikachota upawa mmoja. Nilijua huitoi, nikachota. Mwanzo nilisema nitakuambia kesho. Kisha kesho ikawa ngumu. Wallahi kila Ramadhani naomba toba."

Mama alikuwa bado amesimama na bakuli lake. Alinitazama mimi, akatazama chungu. Akainama akafunua kawa.

Ilikuwa imepanda mpaka ukingoni, mchana ule ule wa joto lile lile. Mapovu yalikuwa yakipasuka moja moja. Harufu ikatufikia sote watatu, na mimi niliijua kabla sijafikiri. Ilikuwa harufu ya jikoni kwetu nilipokuwa nasoma msingi.

"Siku zote waniambia watumia hamira ya dukani," mama akasema.

"Natumia. Kwa mahamri."

"Na kila mwaka nikikuletea mkate wangu wausifu, wasema laiti na wewe ungejua!"

"Ningesemaje sasa?"

Mama akakaa chini, pale pale sakafuni. Nikadhani anazimia, nikamshika bega. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, kanga ikamdondoka, kisha sauti ikaja, na jirani akamtazama kwa hofu mpaka hofu ikamshinda naye akaanza.

"Mwizi amenitunzia," mama akasema, akipangusa jicho lake jipya kwa ncha ya kanga. "Msomi ameniulia."

Hapo ndipo nikapewa nafasi ya kueleza, nami nikaeleza, na jirani akasikiliza huku ameshika kifua. Nilipofika kwenye stima akasema "Masikini," sijui alimaanisha mimi au chachu. Alipoelewa kwamba sahani ile haikuhusu upawa wake, kwamba mama hakuwa akijua lolote, na kwamba angeweza kunyamaza mpaka siku ya kufa, alibaki kinywa wazi. Mama naye ikabidi akiri la jicho. Alilikiri akitazama pembeni, kwa sauti ndogo, na jirani akampiga kofi la gotini.

Kisha mama akazimimina zile tende kwenye sahani ya jirani. Akalishika lile bakuli tupu kwa mikono miwili, akalinyoosha mbele. Sikuwahi kumwona mama akiomba kitu kwa mtu, na hakujua aanzie wapi.

"Naomba chachu, mwenzangu."

Jirani akakiinua chungu chote. "Chukua yote. Ni yako, ni ya mamako. Mimi nitanunua ya dukani, na safari hii kweli."

Akaanza kumimina. Bakuli likajaa nusu, na mama akaweka kiganja chake juu ya ukingo wa chungu, akakisukuma nyuma taratibu.

"Bakisha nyingi kwako," akasema. "Kwangu kuna msomi."